Mlango wa Nyuma wa Kiyono

Kule kwenye bonde la Sugitani, jirani hakuingia kwa Kiyono kwa mlango wa mbele. Mlango wa mbele ulikuwa wa mtawa wa hekalu, wa daktari, na wa wageni waliopanda kutoka mjini. Jirani aliizunguka nyumba, akalipita pipa la maji ya mvua, akatokea upande ule ambao jua lilikuwa halijapata kuufikia, na huko, chini ya mierezi aliyoipanda babamkwe wake Kiyono, ndiko zilikokuwa harani.

Majani yake yalichomoza moja kwa moja udongoni, bila shina la kuonekana, kila moja limesimama peke yake kama upanga uliochomekwa na mtu akasahau kurudi kuuchukua. Yalifika kiunoni kwa urefu, mapana kama kiganja, ya kijani kilichokolea hata kukaribia weusi. Theluji iliyaangukia, yakainama, ikayeyuka, yakainuka. Kiangazi kilipita yakakitazama tu. Kitu kimoja ndicho harani isichokiweza, nacho ni jua kali. Likiipiga, jani hupauka kama kitambaa kilichosahauliwa kambani, kisha huungua kingo, na jani lililoungua haliponi tena.

Jirani akifika pale nyuma hakupiga hodi. Alipaza sauti kwa neno moja tu, "Furaha!" au "Msiba!", na Kiyono akatoka na mundu wake mdogo. Hakuuliza anaoa nani wala amekufa nani. Katika bonde la nyumba chache kama lile, hayo yalikuwa yameshamfikia. Alichotaka kujua ni namna ya kuyapanga majani. Jani la harani lina uso na mgongo. Uso unang'aa, mgongo umefifia na mishipa yake imesimama. Kwenye sinia la furaha, samaki na matonge ya wali wa siki hulazwa juu ya uso. Kwenye sinia la msiba jani hugeuzwa, chakula kikalala mgongoni. Basi Kiyono alikata, akafuta kila jani kwa kitambaa kilicholowa maji ya kuoshea mchele, akayapanga yakiwa yameshaelekea upande unaotakiwa, akayafunga kwa bua la mpunga. Wapishi huko jikoni, na haraka zao na mvuke wao, waliyatandika kama yalivyotoka kwenye kifurushi. Hakuna aliyekagua. Kifurushi kutoka kwa Kiyono hakikaguliwi, kama vile mtu hakagui sala iliyosomwa na mtawa.

Kazi hiyo aliirithi kwa mamamkwe wake, mwanamke mkavu wa maneno ambaye alimfundisha kwa kumpiga kofi mkononi. "Hilo la mwaka huu, bado changa. Unakata mtoto?" Mwaka wa kwanza Kiyono alicheka. Miaka ilivyopita, na yeye na mumewe Tomeji hawakujaliwa mtoto, neno lile alilisikia kwa namna nyingine, lakini hakumwambia mtu. Alijifunza kukata jani lililokomaa tu, na kuacha mengine kwenye kila kichaka ili mizizi isikate tamaa. Alijifunza kusugua wadudu wa magamba kwa mswaki mkuukuu. Mwanzoni mwa masika alipiga magoti, akapekua majani makavu ya mierezi kwa vidole, akayatazama maua ya harani, ambayo hukaa chini kabisa, usawa wa udongo, ya zambarau iliyofifia, ambapo hayaonwi na nyuki wala na binadamu. Marehemu Kiyono alikuwa akisema kwamba maua yale Mungu ameyaweka kwa ajili ya macho yake mwenyewe. Daishi mtakatifu amshike mkono huko aliko. Alikuwa mtu wa kuona vitu vya chini.

Rafiki yake alikuwa Sakae, wa nyumba ya Nishimori iliyo chini, karibu na mto. Waliletwa bondeni mabibi harusi mwaka mmoja, wote wawili wakiogopa mamamkwe zao, na uoga huo ukawafanya ndugu. Sakae alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya pili. Alipokuja kuomba chumvi alisimama kule nyuma na kupaza:

"Furaha!"

"Furaha ya nini tena, wewe?"

"Ya kukiona hicho kisura chako. Kwani haitoshi?"

"Chumvi imekuishia."

"Na chumvi pia imeniishia, mwenzangu. Leta basi, mboga ziko motoni."

Sakae alipojifungua binti yake, Yaeko, ni Kiyono aliyemwogesha mtoto. Mtoto alipoanza kutembea, njia ya kwanza aliyoijua ilikuwa ile ya kupanda kwa Kiyono. Alijificha ndani ya harani, akaita, "Nitafute!" na miguu yake ikionekana.

Kisha Tomeji akafa, katika msimu wa mvua, kwa kifua. Sakae alihamia kwake mpaka mazishi yakaisha. Kila juma mtawa alipanda kusoma, na kila juma Kiyono alikata majani, akayageuza, akayafunga. Wiki baada ya wiki aliyageuza. Usiku ule wa arubaini na tisa, roho ya mtu inapoaminika kuvuka, aliyageuza mengi kuliko siku zote, kwa sababu walikuja hata watu wa msituni waliokata miti na Tomeji.

Huzuni haijakauka, Yaeko akapata mchumba, kijana wa mjini, mwenye duka la baiskeli. Sakae alikuja akipanda mlima mbio kama msichana.

"Furaha! Safari hii ya kweli!"

Kiyono alitoka akasimama mlangoni. "Mwambie mtu mwingine akakukatie. Mimi bado nimo kwenye msiba."

"Nani mwingine?"

"Watu watasema."

"Watu wameshasema, na mimi nimeshawajibu. Wewe ndiye uliyemwogesha. Majani ya Yaeko yatatoka hapa, au atakula kwenye sinia tupu."

"Kichwa kigumu."

"Kama chako."

Kiyono alikata majani mazuri kuliko yote. Aliyafuta mara mbili. Karamu yenyewe hakwenda, maana mjane mpya hakai kwenye harusi. Alikaa barazani kwake, akasikiliza. Nyimbo zilipanda kutoka mtoni, na vicheko, na mlio wa vikombe vya pombe ya mchele vikipokewa mkono kwa mkono. Halafu palitokea ukimya. Mfupi tu. Kisha nyimbo zikaanza tena, kwa sauti kubwa mno. Kiyono alidhani kuna mzee aliyelewa akaangukia sinia, akatabasamu peke yake gizani.

Asubuhi alipita Matsuo, mchuuzi mwenye duka garini, ambaye aliuza tofu, sabuni na umbea kwa bei moja. Siku hiyo hakupiga honi.

"Mama Kiyono, samahani, hivi jana ulifunga majani ya nini?"

"Ya harusi. Kwani?"

Matsuo alijikuna shingo. "Shangazi wa bwana harusi aliinua kipande cha kibua, akaona jani chini yake. Akakirudisha kile kipande. Akaviweka vijiti vyake chini kwa mikono miwili, polepole, hivi. Halafu mwenzake naye. Mpaka Mama Sakae akasimama, akaanza kuyageuza moja moja, mbele ya wakwe, samaki mkononi."

Kiyono aliitazama mikono yake. Ilikuwa imefanya kazi ya msiba kwa majuma mengi, na siku ile ya furaha iliyageuza majani bila kumngoja aiambie.

Alishuka mtoni akapita mlango wa mbele wa Nishimori, kama mgeni, akainamisha paji la uso mpaka sakafuni. Sakae alikuwa akifuta masinia.

"Imeshapita," alisema, bila kugeuka.

"Sakae, mimi..."

"Nimekwambia imeshapita."

Neno hilo lina namna mbili za kusemwa: moja hufungua mlango, nyingine huufunga. Kiyono alirudi nyumbani akijua aliyoisikia ni ipi. Hata hivyo angengoja. Alimjua Sakae, hasira zake zilikuwa za moto wa makaratasi. Lakini mwaka uliofuata mtoto wa kwanza wa Yaeko alizaliwa mfu, na bonde zima, bila mtu kulitamka, likayaweka mambo mawili pamoja.

Hakuna aliyemtukana. Hilo ndilo lililokuwa zito. Wakikutana njiani watu waliinama vilevile, wakasifu hali ya hewa vilevile. Sakae alipofanya kisomo cha yule mtoto, Kiyono alimpelekea kifurushi cha majani ya msiba, yaliyopangwa sawasawa, akakiacha kwenye ngazi. Siku chache baadaye, akipita barabarani, alikiona kwenye rundo la mbolea la Nishimori, hata bua halijafunguliwa. Na mwaka huohuo Matsuo alianza kubeba majani ya plastiki, ya kijani cha kung'aa pande zote mbili, yasiyo na uso wala mgongo. Sakae alikuwa wa kwanza kununua. Wengine wakafuata, nusu kwa ajili ya Sakae na nusu kwa sababu plastiki huoshwa ikatumika tena.

"Ningekuuzia na wewe," Matsuo alimtania, akitaka kumchekesha, "lakini itakuwa kama kumuuzia bata mwavuli."

"Niuzie tofu, funga mdomo, uende zako."

"Aa, umecheka! Nimekuona, umecheka."

Alikuwa amecheka kweli. Baadaye, gari lilipoteremka, alisikia jinsi nyumba ilivyokuwa imenyamaza nyuma ya kicheko kile.

Ugumu wa Kiyono haukuwa kutengwa tu. Kulikuwa na swali alilolala nalo na kuamka nalo: je, ilikuwa mikono pekee? Mbele ya madhabahu ya nyumbani, akiwasha ubani kwa picha ya Tomeji, alijichunguza. Siku ile ya kuyafunga majani, Sakae alikuwa na mume, binti, mkwe na wajukuu njiani. Yeye alikuwa na pipa la mvua. Je, hapakuwa na kidonda fulani ndani yake kilichoyageuza majani yale kwa makusudi, kikamficha hata yeye? Alimwomba Daishi amwonyeshe. Daishi hakumwonyesha. Akaona basi adhabu yake ni kutojua, akaipokea, na kila jioni akasoma sala moja kwa ajili ya mtoto yule ambaye hakupata hata jina. Hakumwambia mtu. Sala hiyo iligunduliwa tu baada ya yeye mwenyewe kufa, kwa kibao kidogo kisichoandikwa kitu, kilichosimama madhabahuni nyuma ya kibao cha kumkumbuka Tomeji.

Mara moja kwa mwezi wanawake wa bonde walikutana kwenye kijumba cha Daishi. Walikaa duara wakiwa wameshika tasbihi moja kubwa, ndefu ya kuwazunguka wote, punje zake kama mayai ya kware, wakaizungusha mkono kwa mkono wakiita jina la mtakatifu. Mahali pa kukaa palikuwa pa kurithi, hapabadilishwi. Kiyono alikaa kushoto kwa Sakae tangu walipokuwa mabibi harusi. Kwa hiyo kila mwezi, kwa miaka yote ile, Sakae alimpokeza zile punje, moja baada ya moja, zikiwa na joto la kiganja chake, na hakumtazama. Ikifika punje kubwa, kila mtu huiinua mpaka kwenye paji la uso. Kiyono aliinua ile punje, akausikia uvuguvugu wa mwenzake usoni mwake. Kisha wakanywa chai, Sakae upande ule, yeye upande huu.

Yaeko alipata watoto wengine, wawili, wazima. Kiyono alipowaona kwa mara ya kwanza, wakikimbia kando ya mto wakati wa kiangazi, alilazimika kukaa chini juu ya jiwe. Alidhani sasa Sakae atapanda. Alifagia njia ya nyuma. Akafagia na kesho yake. Sakae hakupanda.

Bonde likaanza kupungua. Shule ilifungwa, kisha posta. Vijana walishuka mijini, Kochi na Osaka, wazee wakahamia makaburini. Harani peke yake ndizo zilizoongezeka, kwa kuwa hazikatwi; zilitambaa polepole chini ya ardhi mpaka zikaufikia ukuta wa choo cha zamani. Kiyono aliendelea kuyafuta majani yasiyosubiriwa na mtu. Mke wa mpwa wake, Toshie, aliyekuwa akija kila mwaka siku za kuzipokea roho za wafu, alimwuliza mara moja:

"Shangazi, unayasafishia nani?"

"Vumbi halijui kama hakuna karamu."

"Njoo ukae na sisi Kochi. Chumba kipo."

"Kina kivuli?"

"Kina televisheni."

"Basi kaeni nacho, mwanangu."

Mwaka mmoja, mwishoni mwa kiangazi, kimbunga kilipanda kutoka baharini kikapita juu ya bonde usiku kucha. Kiyono aliketi mbele ya madhabahu akiwa amekishika kibao cha Tomeji kifuani. Alisikia mlio wa kuraruka kule nyuma, kisha kishindo kilichoirusha sufuria rafuni. Kulipopambazuka alifungua mlango, akayafumba macho. Ulikuwa mwanga. Upande ule wa nyumba, uliokuwa wa giza la kijani tangu alipoletwa bibi harusi, sasa ulikuwa umejaa anga. Mierezi ilikuwa imelala kama wagonjwa, mizizi juu. Harani zilikuwa zimesimama vilevile, zimeloa, zinang'aa kila jani, na jua la baada ya kimbunga lilikuwa linapanda mlima kuzifuata.

Hakulia. Alizoa mapazia ya matete ya madirishani, akayafunga kwenye miti ya kuanikia nguo. Hayakutosha. Akatoa mikeka. Akatoa chandarua cha harusi yake, chenye mapindo mekundu. Akatoa joho la mvua la Tomeji, la majani makavu, ambalo hakuwa amethubutu kuligusa. Akatoa miavuli mitatu, miwili mizima. Alifunga na kufunga, akipanda juu ya ndoo, mgongo ukimpigia kelele. Kila adhuhuri jua lilipata tundu jipya, na kila jioni alihesabu yaliyopauka. Watu wa halmashauri walikuja kukata magogo, wakalichungulia lile hema la ajabu.

"Bibi, umefungua sarakasi?"

"Kiingilio ni kushika kamba. Shika hapo."

Kijana alishika, akacheka, akafunga fundo la ovyo, wakaondoka. Bonde likawa na jambo la kusimulia: Kiyono anayavalisha majani miavuli. Matsuo, ambaye sasa mvi zilikuwa zimemjaa, alishusha habari hiyo mpaka nyumba ya mwisho ya mtoni, pamoja na tofu.

Siku mbili tatu baadaye, Kiyono akiwa juu ya ndoo, alisikia hatua na fimbo zikilizunguka pipa la mvua. Hapakuitwa neno lolote. Aligeuka akamwona Sakae. Alikuwa amepungua sana. Ule urefu ulikuwa umeinama kama jani lenye theluji. Mkononi alikuwa na kamba mpya.

Sakae hakusalimu. Alilitazama lile hema mpaka mwisho, akaliendea fundo la yule kijana wa halmashauri.

"Hili limelegea," alisema.

"Ndiyo. Wamelifunga watoto."

Sakae alilifungua, akaanza kulifunga upya, akiwa amempa mgongo. Kazi ikachukua muda. Kiyono aliteremka kwenye ndoo. Alikuwa na maneno aliyoyatayarisha kwa miaka, yaliyosuguliwa mpaka yakawa laini, na sasa aliyatafuta asiyaone.

"Sakae, siku ile mikono yangu..."

"Usiseme. Ukisema wewe, itabidi na mimi niseme." Alivuta kamba. Halafu akasema, akiliambia fundo: "Mimi ndiye niliyekifungua kile kifurushi."

Kiyono aliushika ukingo wa ndoo.

"Jikoni. Nikaona migongo. Nikajua, Kiyono ni wa msiba bado, mikono yake imepotea. Ningeyageuza. Lakini wakwe walikuwa wameshafika mlangoni, mpishi ananiita, na mimi nilikuwa nimeshaonja vikombe viwili. Nikasema moyoni, nani atatazama chini ya samaki?"

Upepo mdogo ukapita ndani ya chandarua.

"Wewe uliona," Kiyono alisema.

"Niliona."

"Na mtoto alipo..."

"Alipozaliwa vile, nikajua ni mimi. Wewe ulikosea. Mimi nilijua nikaacha." Akakaza fundo kwa nguvu zote zilizobaki. "Ningepanda huku ningelazimika kusema. Plastiki haina mlango wa nyuma, haikuulizi kitu."

Kiyono aliingia ndani kuchemsha maji. Haikuwa kwa ukarimu. Miguu ilikuwa inamtafutia mahali pa kusimama. Mbele ya madhabahu hasira ilimpanda mpaka masikioni. Miaka yote ile! Sala zote zile za kujichunguza, kidonda alichokitafuta ndani yake kama mtu anayetafuta mwiba usioonekana, na kumbe kando yake kwenye tasbihi alikaa mtu aliyejua. Alitaka kutoka amwambie: rudi kwako na kamba yako. Birika lilianza kuimba. Kwenye picha, Tomeji alikuwa akitazama kando kidogo, kama alivyopenda kufanya wanawake wanapogombana. Kiyono alisimama pale mpaka birika likapiga kelele, akamimina. Vikombe viwili. Ilimchukua muda kukumbuka kikombe cha pili kilikuwa kabati gani.

Alipotoka, Sakae alikuwa amekaa ukingoni mwa baraza.

"Majani yangu uliyatupa kwenye mbolea," Kiyono alisema, akimwekea chai.

"Ndiyo."

"Hata hukuyafungua."

"Yalikuwa yamepangwa vizuri mno. Sikuweza kuyatazama."

Walikunywa. Harufu ya mierezi iliyokatwa ilikuwa kali, tamu, kama duka la jeneza.

"Yaeko hakuwahi kukulaumu," Sakae alisema. "Jana alinipigia simu. Kila akipiga anauliza, Mama Kiyono mzima? Namwambia, kamuulize mwenyewe."

"Na wewe mzima?"

"Moyo. Daktari anasema ngazi za kwetu zitaniua. Yaeko anakuja Jumapili na gari. Nahamia kwake, orofa ya pili, juu ya duka la baiskeli." Alikigeuza kikombe. "Ndiyo maana nimekuja leo. Kesho ningeahirisha tena, nijuavyo."

Hapo ndipo Kiyono alipoelewa. Aliyekuwa akimngojea amefika, na amefika kuaga. Hasira ilimwishia yote kwa mara moja, na ilipoondoka haikuacha chochote mahali pake, kama chumba kilichotolewa mikeka.

"Chumba chenyewe kikoje?" aliuliza.

"Kidogo. Dirisha linatazama ukuta wa jirani. Jua haliingii kabisa, Yaeko anaomba radhi kila siku."

Kiyono alinyanyuka. Alichukua sururu ndogo, akapiga magoti ndani ya hema lake, akachagua kichaka ambacho jua halikuwa limekigusa. Alikata ule mzizi mnene unaotambaa, akautoa na udongo wake, majani matatu na moja changa lililojikunja kama karatasi ya barua. Akaufunga kwa gunia.

"Sijui kulea mmea mimi," Sakae alisema. "Hata vitunguu hunifia."

"Hii haifi kwa kusahauliwa. Hufa kwa kushughulikiwa. Usiimwagilie kila unapoikumbuka."

"Na nikiikumbuka kila siku?"

"Basi siku hiyo nipigie mimi simu, uiache yenyewe ipumue."

Sakae alicheka, ile sauti kubwa ya zamani ikatoka kidogo, ikakatikia kwenye kikohozi. Alilikumbatia furushi kama mtu abebaye mtoto wa watu. Kiyono alimsindikiza mpaka kwenye pipa la mvua, hakuvuka hapo. Wote wawili waliinama, chini sana, kwa muda mrefu kuliko desturi, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinuka. Kisha Sakae akateremka, fimbo ikigonga jiwe, ikanyamaza, ikagonga, mpaka mto ukaimeza.

Kiyono alirudi nyuma. Mahali alipochimba palikuwa na shimo, na minyoo ikijivuta kuukwepa mwanga. Alilijaza udongo na majani makavu ya mierezi, akayashindilia kwa viganja, akaliita jina la Daishi kwa sauti, mara moja, bila wa kumpokeza punje. Halafu akapanda tena juu ya ndoo, maana jua la alasiri lilikuwa limeshapata tundu pembeni mwa chandarua.